Ukurasa wa Arobaini na Moja

Lauderhill, Florida
4 Juni

Mama mpendwa,

Leo ni siku ya sita tangu uondoke. Kama ndege ya barua inafuata ratiba uliyoniachia, utakapoisoma hii utakuwa tayari unanuka samaki. Mwalimu wetu alitufundisha kuwa barua nzuri huanza na hali ya waandikao, basi: Bibi hajambo isipokuwa macho, na mimi sijambo isipokuwa bado naamka nikidhani niko kwenye nyumba yetu ya zamani.

Sasa habari kubwa. Bibi ameingia kwenye bodi ya jengo!

Unajua lifti imekufa tangu Pasaka. Bi Verona wa ghorofa ya tatu, na magoti yake yale, hajakanyaga ardhi tangu wakati huo. Huteremsha kikapu kwa kamba kutoka roshani, Bibi anakitia mkate na mboga za kalalu na gazeti, kisha kinapanda kikiyumba kama ndoo ya kisima. Juzi Jumanne, kwenye mkutano wa mwaka, mwenyekiti, Bwana Glantz, aliuliza nani anakitaka kiti kilichobaki wazi. Watu wote wakatazama viatu vyao. Bibi ndiye pekee aliyefungua mdomo, naye aliuliza tu, "Hiyo lifti itatengenezwa lini?"

Bwana Glantz akavua miwani. "Bi Icilda, miaka kumi na miwili unatugombeza ukiwa umekaa kando ya bwawa la kuogelea. Njoo basi utugombeze ukiwa mezani."

"Usinichokoze, Seymour."

"Nakuchokoza hasa."

Watu wakacheka, wakapiga kura, na Bibi akarudi nyumbani mjumbe wa bodi. Tena wamemfanya katibu kwa kuwa hakuna mwingine aliyeutaka ukatibu. Amepewa mhuri wa tarehe. Mimi ndiye ninayemzungushia vigurudumu vyake kila asubuhi, maana tarakimu zake ni ndogo kama mbegu za ufuta.

Lakini Mama, kiti hakijawa chake bado. Sheria ya jimbo haimkubali mjumbe asiyefunzwa. Ndani ya siku tisini lazima ahudhurie masomo ya muda wa saa nne apate cheti, na lazima atie sahihi kwamba amekisoma kitabu cha jengo, kanuni zote, na kwamba atazilinda. Asipofanya hivyo, kiti kinachukuliwa. Siku ya mwisho ni tarehe thelathini na moja Agosti. Kitabu kina kurasa themanini na nane, na Bibi hatafanyiwa operesheni ya mtoto wa jicho mpaka Oktoba.

"Macho yangu ni wewe," ameniambia. Kwa hiyo kila siku baada ya chai ya tangawizi ninamsomea kwa sauti. Nimefurahi kuwa na kazi. Nikiwa na kazi sikukumbuki sana.

Binti yako,
Jodiann


Kiwandani, Alaska
14 Juni

Jodi mwanangu,

Nimecheka mpaka msaidizi wangu wa jikoni akadhani nimepaliwa. Mama yangu, katibu! Hata kanisani walimnyima ukatibu kwa ajili ya ule mdomo. Mwambie nampa pole Bwana Glantz.

Huku jua halitui. Saa nne usiku mtu anaanika soksi. Napikia watu mia mbili, na wote wanakula kana kwamba kesho hakuna. Samaki aina ya samoni wameanza kuingia, na mashine hazinyamazi; nikilala, kichwa changu kinaendelea kuzunguka nazo. Simu, kama nilivyokuambia, ni ya ofisini na ni ya msiba tu. Kwa hiyo andika, na andika mengi.

Sasa nisikilize. Ukikutana na watu kwenye ngazi, salimia upesi, pita. Usikae bwawani saa za watu wengi. Ukiulizwa umekuja lini, sema juzi. Usiniulize kwa nini, fanya tu.

Narudi tarehe tano Septemba. Nikirudi tutakodi nyumba karibu na shule yako, yenye mlango wetu wenyewe na ufunguo wetu wenyewe.

Mama yako,
Karlene


Lauderhill
27 Juni

Mama mpendwa,

Sikukuuliza kwa nini, lakini kitabu kimenijibu.

Tulifika ukurasa wa arobaini na moja juzi. Nilikuwa nasoma vizuri, kwa vituo, kama nilivyofundishwa, na macho yangu yakatangulia mdomo. Imeandikwa hivi: hili ni jengo la watu wa miaka hamsini na mitano na kuendelea, na mtu yeyote aliye chini ya miaka kumi na minane asilale humu zaidi ya usiku thelathini katika mwaka.

Nimehesabu kwa vidole na kwa kalenda. Jana usiku ulikuwa wa ishirini na nane.

Mama, niliruka. Nilifunua karatasi mbili pamoja, nikaanza kusoma ukurasa wa arobaini na tatu, habari za kuegesha magari. Sijawahi kuruka kitu katika maisha yangu, hata majina marefu ya Agano la Kale. Bibi alikuwa anachambua mbaazi. Akasema, "Mbona umevuta pumzi hivyo?" Nikasema nina mafua.

Na kuna jambo linalonitisha zaidi. Wiki iliyopita tulisoma ukurasa wa ishirini na tatu, unaokataza kuning'iniza kitu chochote kwenye roshani. Nilidhani Bibi atacheka. Badala yake alitoka nje akamwita Bi Verona: "Verona! Vuta kamba yako, kikapu kimekatazwa!"

"Na nani?"

"Na kitabu!"

"Kitabu kitaniletea mkate?"

"Mimi nitakuletea!"

Tangu siku hiyo anapanda ngazi mwenyewe, mkono mmoja ukutani, mkate kwapani, akipumzika kila ghorofa. Kama kwa kikapu amefanya hivyo, kwangu atafanyaje? Nikimsomea, atanipeleka kwa binamu yako Paulette kule Hartford, ambaye simjui, kwenye shule nisiyoijua. Nisipomsomea, atatia sahihi kwamba amesoma kitabu chote, na sahihi yake itakuwa uongo, na uongo huo utakuwa wangu.

Niambie la kufanya. Barua huchukua siku kumi, na mimi nina mbili.

Jodiann


Kiwandani
8 Julai

Jodi,

Naandika nimesimama, sufuria ziko motoni. Usimsomee. Namjua mama yangu: akilijua jambo hawezi kukaa nalo kama watu wengine wanavyokaa na mambo. Wiki nane zimebaki, na wiki nane ni nini? Pita ngazi za nyuma. Shule ikifunguliwa, usivae sare nje ya mlango mpaka basi lije.

Hujafanya kosa lolote. Kama kuna kosa, ni la watu wazima. Hilo liamini hata kama huelewi.

Nakupenda. Vidole vyangu vinanuka vitunguu hata kwenye karatasi, nisamehe.

Mama


Lauderhill
19 Julai

Mama mpendwa,

Nimefanya ulivyosema. Natumia ngazi za nyuma. Lango likigonga tu, najibanza ukutani. Jana mama mmoja wa ghorofa ya kwanza aliniuliza, "Wewe bado upo?" Nikasema nimekuja juzi. Akasema, "Juzi yako ni ndefu." Nikakimbia.

Jana pia Bibi alikwenda kwenye masomo, nami nikamsindikiza, kumsomea maandishi ya ukutani. Yalikuwa kwenye ukumbi wa maktaba. Wazee arobaini hivi, kila mmoja na sweta kwa ajili ya kiyoyozi, kila mmoja na malalamiko yake. Mwalimu, mwanasheria mmoja kijana, aliuliza kama kuna swali, na mzee wa mbele akasimama, akaeleza habari za mbwa wa jirani yake kwa dakika kumi na moja. Nilizihesabu.

Bibi aliuliza maswali tisa. Moja lilikuwa hili: "Kama mjumbe ana jambo linalomhusu yeye mwenyewe, afanyeje?"

Mwalimu akajibu: analisema wazi mbele ya wote, anatoka mezani, na hapigi kura.

"Hata kama ni jambo dogo?"

"Hasa kama ni dogo, bibi. Makubwa huonekana yenyewe."

Bibi akanigeukia, akaniambia niliandike hilo. Nililiandika, lakini mwandiko ulitoka kama wa mtoto wa darasa la kwanza.

Cheti chake kiko kwenye jokofu, kimeshikwa na sumaku yenye umbo la nanasi. Kimebaki kitabu. Tumefika ukurasa wa themanini, na atatia sahihi tukikimaliza. Mimi nasoma polepole. Bibi anasema nimekuwa mvivu.

Sasa kitu ambacho sikielewi. Jana tukiwa kwenye basi alisema hivi: "Ukimwandikia mama yako, mwambie asante kwa ile fomu. Imetuondolea mengi." Nikamuuliza fomu ipi. Akasema, "Yeye anaijua."

Ni fomu ipi, Mama?

Jodiann


Kiwandani
29 Julai

Jodi mwanangu,

Leo nimepewa mapumziko ya saa mbili, na sikulala. Nimekaa kwenye kreti nyuma ya jiko, nikitafuta namna ya kuandika hili bila kujipamba.

Bibi yako anaijua kanuni. Ameijua miaka yote. Siku moja kabla sijaondoka alinipa fomu ya njano, ambayo Bi Verona alikuwa amemjazia sehemu yake. Ni fomu ya kuombea mtoto ruhusa ya kukaa mpaka siku mia moja. Ikipelekwa kabla ya siku ya thelathini, na bodi isipojibu ndani ya wiki mbili, inahesabiwa imekubaliwa. Nilitakiwa kujaza sehemu ya mzazi, nitie sahihi, niitumbukize kwenye sanduku la ofisi nikienda uwanja wa ndege.

Nilitia sahihi na tarehe, ishirini na tisa Mei. Kisha nikakuta swali: mzazi anaishi wapi kwa sasa? Jodi, sikuwa na la kuandika. Nyumba tulikuwa tumeirudisha wiki ile. Nilisimama mbele ya lile sanduku na begi langu, teksi inapiga honi, nikaona haya. Nikasema nitajaza uwanja wa ndege, niipeleke kwa posta. Imekuwa kwenye mfuko wa begi tangu siku hiyo.

Kwa hiyo Bibi anadhani umekaa kwa ruhusa. Wewe umemficha jambo analolijua, na mimi nimewaficha nyote wawili jambo msilolijua.

Fomu hii hapa, nimeijaza sasa. Tarehe ya sahihi ni ya kweli. Bibi ndiye katibu, na mhuri uko mezani kwake. Ipenyeze tu kwenye karatasi zake za zamani. Hakuna atakayeumia. Najua nakuomba nini. Nakuomba hivyo hivyo.

Mama


Kiwandani
12 Agosti

Jodi,

Sijapata jibu lako, ndege zimekwama kwa ukungu siku nne. Sijui kama fomu imefika. Nakosa hata hamu ya chai.

Bosi ameniita. Msimu wa samaki weupe unaanza, na anataka nibaki mpaka mwisho wa Oktoba, kwa kazi ile ile na chumba cha peke yangu. Anataka jibu kabla ya mwezi kuisha. Sijamjibu. Kama fomu imepita, utakuwa salama kwa Bibi wiki zote mpaka siku mia ziishe, na labda bodi itaongeza. Tungeanza maisha na magodoro mawili badala ya moja.

Usimwambie Bibi bado. Niambie wewe unaonaje.

Mama


Lauderhill
13 Agosti

Mama mpendwa,

Nitakueleza kwa mpangilio, maana nikianza na mwisho sitaweza kuandika mwanzo.

Fomu ilifika Jumamosi. Bibi alikuwa jikoni akiloweka samaki wa chumvi, na mhuri ulikuwa mezani. Nilizungusha gurudumu la mwezi: Julai, Juni, Mei. Kisha la siku, mpaka ishirini na tisa. Nikaujaribu kwenye ukingo wa gazeti. Ulitoka vizuri sana, Mama. Hapo ndipo nilipoogopa, kwa sababu hakuna mtu duniani ambaye angejua.

"Leo tarehe ngapi?" Bibi akauliza kutoka jikoni. Huniuliza kila akisikia vigurudumu.

Nikaligeuza gazeti. Akaja akikausha mikono kwenye aproni.

"Siku moja hulia mara moja," akasema. "Leo nimehesabu ishirini na nne. Tumezeeka hivyo tangu jana?"

Nilikwenda kukichukua kitabu. Nilikifungua, nikasoma ukurasa wa arobaini na moja tangu juu mpaka chini, na wa arobaini na mbili, ambao sikuwahi kuusoma hata kwa macho, na ndio wenye habari za fomu. Sikuruka neno.

Bibi akasema, "Nimeusubiri ukurasa huo tangu Juni. Ulipofunua nilisikia, we mtoto. Karatasi moja haisemi vile."

"Mbona hukuniambia?"

"Nilidhani unaogopa jambo ambalo mimi nimeshalimaliza. Nikasema, siku moyo wake ukitulia atausoma mwenyewe."

Ndipo nikamtia fomu mkononi.

Aliipapasa mikunjo yake. Akakaa. Nilimweleza yote, hata habari ya swali lile la unaishi wapi, kwa sababu nilitaka akuelewe. Akauvuta mhuri, akavizungusha vigurudumu mwenyewe, mbele, kimoja baada ya kingine, akihesabu kwa sauti, akaniuliza, "Ni Agosti, nane?" Nikasema ndiyo. Akaupiga.

"Hii ndiyo siku iliyofika," akasema.

Alikukasirikia mpaka Jumapili. Jumapili akapika wali na maharage kwa tui, akapakua, akasema, "Karlene hajawahi kuweza kujaza fomu. Hata za shule nilimjazia mimi." Basi nikajua hasira zimempungua.

Mkutano wa bodi ulikuwa jana, saa kumi na moja jioni, kwenye ukumbi wa bwawa. Nilikwenda na sare ya shule, sikujificha. Kabla hawajafika kwenye ajenda ya lifti, Bibi alisimama.

"Nina jambo linalonihusu mimi mwenyewe. Nalisema, natoka mezani, na kura sipigi."

"Kaa, Icilda," Bwana Glantz akasema. "Hapa hakuna anayefanya hivyo."

"Ndiyo maana wametuletea masomo, Seymour. Wewe saa zako nne ulisinzia?"

Akaja akakaa kwenye viti vya watu wa kawaida, karibu yangu. "Mjukuu wangu atawasomea kanuni niliyoivunja. Mimi sioni."

Nilisimama, nikausoma ukurasa wa arobaini na moja mbele ya watu wote. Kisha Bwana Glantz akauliza nimelala humo usiku ngapi. Nikasema sabini na nne. Yule mama wa ghorofa ya kwanza akaguna, "Hiyo ndiyo juzi yake."

Walibaki wanne mezani. Mmoja alinyoosha mkono kunikubali. Watatu walikataa, na wa kwanza wao alikuwa Bwana Glantz. "Kanuni inasema kabla ya siku ya thelathini," akasema. "Leo si kabla."

Nilishika mgongo wa kiti. Bibi hakunigeukia, lakini alinishika sketi, kama ulivyokuwa ukinishika njia panda.

Bwana mmoja nyuma akapaza sauti, "Basi aondoke kesho!"

"Nani kasema kesho?" Bwana Glantz akamkazia macho. "Wewe kitabu umekisoma?"

"Nimekipitia."

"Umekipitia kama gari linavyopita duka. Binti, kitabu unacho. Tusomee habari za notisi."

Mama, sikuhitaji hata kutafuta. Ukurasa wa hamsini na saba. Nilisoma kwamba mtu hatolewi ila kwa notisi. Kwamba katibu ataiandika ndani ya siku saba. Kwamba itapelekwa kwa posta ya rejesta. Na kwamba siku kumi na nne zitahesabiwa tangu siku mpokeaji alipoitilia sahihi.

"Kwa rejesta," Bwana Glantz akasema polepole. "Si chini ya mlango. Si kwa kelele za ngazini. Na siku saba ni saba."

"Lakini katibu ndiye huyo huyo!"

"Ndiye. Icilda, utaiandika?"

"Nitaiandika, Seymour," Bibi akasema. "Siku ya saba."

Bibi hakutabasamu, wala Bwana Glantz hakutabasamu. Wakaendelea na lifti, matengenezo yake yakapita kwa kura zote.

Kwa hiyo hatukushinda. Lakini nimehesabu na kalenda: siku saba, siku za posta, siku kumi na nne. Zinaishia kwenye tarehe tano Septemba, au karibu sana. Bibi amemwandikia Paulette pia, na sanduku langu liko wazi sakafuni, nusu limejaa. Silijazi zaidi wala silipunguzi.

Jodiann


Lauderhill
24 Agosti

Mama mpendwa,

Barua yako ya tarehe kumi na mbili ilifika Jumamosi, na notisi ilifika kwa mkono ule ule wa tarishi.

Bibi alitia sahihi ya kuipokea. Tarishi akaitazama bahasha mbele na nyuma. "Bibi, hii imetoka kwako."

"Najua," Bibi akasema. "Na nimejiandikia kwa ukali sana, ngoja nikae kabla sijasomewa."

Nilimsomea. Ni kweli ilikuwa kali. Siku kumi na nne tangu Jumamosi zinaisha Jumamosi, tarehe tano Septemba, siku uliyosema utarudi. Ukifika siku hiyo, nitatoka kwa mlango wa mbele pamoja nawe, tutakwenda kwenye nyumba ile yenye ufunguo wetu, na hata tusipokuwa nayo siku hiyo, Bi Verona anajua chumba cha wiki kwa wiki karibu na shule. Usipofika, basi la Hartford linaondoka saa tisa alasiri. Bibi ameshaniulizia.

Leo amemaliza kila kitu. Alisema hawezi kutia sahihi kwamba anailinda kanuni huku anaivunja, lakini tangu notisi ifike, kanuni inafuatwa kwa siku zake zote, na mkono wake ni safi. Nilimwonesha mstari kwa kidole. Akaandika jina lake lote, Icilda Maud Pottinger, kubwa mpaka likatoka nje ya mstari. Tukampelekea Bwana Glantz karatasi hiyo na cheti. Zilikuwa zimebaki siku saba.

"Hukujua kuandika kwa herufi ndogo?" akamuuliza.

"Nilitaka na wewe usome bila miwani."

Wakati tunarudi, lifti ilifunguka mbele yetu, na ndani yake alikuwa Bi Verona, amevaa kofia ya kanisani siku ya Jumatatu. Alitoka, akasimama kwenye nyasi, akavua viatu. Kisha akasema, "Icilda, nyasi zenu zinahitaji maji. Liandike hilo."

Uliniuliza naonaje. Nilifikiri sana kabla ya kujibu. Bibi ameniambia nisikuombe, kwa kuwa mtu mzima akiombwa na mtoto hachagui tena, anaburutwa. Kwa hiyo sikuombi. Nakwambia tu ninavyoona. Naona godoro moja linatosha. Naona ile fomu ingekuuliza tena leo unaishi wapi, ungeweza kujibu kwamba unaishi pale binti yako alipo, nao wangelazimika kukubali, maana hakuna ukurasa unaokataza jibu hilo. Nimezisoma zote, hata zile za magari.

Bibi hajui habari ya Oktoba. Hilo nimelificha, na ni la mwisho nitakalolificha.

Barua huchukua siku kumi. Ikifika huko tarehe tatu, nawe upo, utakuwa umechelewa ndege, na utakuwa umeisoma. Kwa hiyo, Mama, hii ni barua ya kwanza ninayoiandika vizuri, kwa vituo na kwa mwandiko wangu bora, huku nikiomba isikufikie. Nimeandika anwani yetu nyuma, kubwa, ili wajue pa kuirudisha. Ikirudi nitakusomea mwenyewe, yote, bila kuruka.

Binti yako,
Jodiann


*Juu ya bahasha, ambayo haijafunguliwa, kwa mhuri mwekundu wa posta ya kiwandani:*

3 SEPTEMBA. MPOKEAJI AMEONDOKA. IRUDISHWE KWA MWANDISHI.